Safu ya Kulia: Kisa cha Mkataba Mmoja Bukavu

Karatasi ilikuwa na kurasa tatu, na kila ukurasa umegawanywa katikati kwa mstari mwembamba: kushoto Kiingereza, kulia Kiarabu. Ilikuwa Juni 2024, saa mbili za usiku, katika nyumba moja ya mbao huko Kadutu, mtaa wa Bukavu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Watu watano tuliizunguka meza, simu mbili zikiwa ndiyo taa yetu. Mimi niliitwa kwa sababu nafundisha Kiingereza. Niliisoma safu ya kushoto tangu juu hadi mahali pa sahihi, nikaieleza kwa Kiswahili kipengele kwa kipengele, mwishowe nikamwambia mwenye nyumba: "Mama, hapa sioni ubaya."

Nilisema kweli, lakini kweli ya nusu ya karatasi. Nusu ya pili ilisomwa na msichana wa miaka 26 aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, na aliposoma mambo yote yakageuka. Kisa hiki nimekisimulia kwa mdomo mara nyingi. Sasa nakiandika chote, kwa ruhusa ya wenyewe na bila majina yao, kwa kuwa kila mtu anaponiuliza Kiarabu kina faida gani kwetu sisi wa Kivu, jibu langu huanzia kwenye meza ile.

Waliokuwa mezani

Mwenye safari alikuwa binti wa miaka 22. Alishapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, hakuwa na pesa za chuo kikuu, akawa anamsaidia mama yake kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Nyamugo. Komisionere mmoja, yaani dalali wa kazi, alikuwa amemletea habari njema: kazi Dubai, "msaidizi" katika butiki, dirhamu 1,200 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja. Kwa dola ni kama 327, kwa kuwa dola moja ni dirhamu 3.67 na thamani hiyo haibadiliki. Mtu anayeuza sambaza kwa kipimo cha kopo anajua fedha hizo ni nyingi kiasi gani. Komisionere alitaka dola 600 za dosye, yaani za kushughulikia makaratasi. Mama alikuwa amekwisha kuchukua zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, mapema, akawa na 400 ndani ya kitambaa.

Aliyesoma safu ya kulia ni dada yake, mtoto wa mama mkubwa, ambaye binti humwita yaya, yaani dada mkubwa. Huyu nilimfundisha mimi Kiingereza, akamaliza masomo yake vizuri, na baada ya hapo akauza unite (salio) za simu barabarani kama wenzake wengi wenye shahada. Mwishoni mwa 2022 aliniambia ameanza kusoma Kiarabu. Hesabu yake ilikuwa ya kazi: alikuwa ameona vikosi vya Umoja wa Mataifa vyenye askari wanaozungumza Kiarabu, akasikia kwamba Kiarabu ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja huo, akaona mkalimani wa Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu hawezi kukosa mahali. Hesabu haikutimia. Mwezi uleule tulioketi na mkataba mezani, MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilikuwa inakamilisha kuondoka Kivu Kusini.

Alisoma kwa maalim mmoja mzaliwa wa Kasongo, aliyewahi kusoma Khartoum, katika chumba kilicho nyuma ya msikiti. Jioni tatu kwa juma, saa moja na nusu kila jioni, dola 10 kwa mwezi. Walioanza walikuwa kama thelathini. Waliofika mwaka wa pili hawakuzidi sita.

Nyumbani hawakupenda. Mama yake ni mwimbaji wa kwaya parokiani, na swali lake lilikuwa lile ambalo kila Mkristo anayegusa Kiarabu hapa mjini ataulizwa: "Unajifunza Kiarabu ya nini? Unataka kusilimu?" Maalim alikwenda mwenyewe kumwona. Alimweleza kwamba Wakopti wa Misri na Wamaroni wa Lebanoni ni Wakristo tangu zamani, wanasoma Biblia kwa Kiarabu, na Mungu wanamwita Allah kwa sababu ndilo neno la lugha yao. Mama akasema, "Sawa Maalim, lakini nitakuwa naangalia." Na kweli aliangalia.

Kuna chuki nyingine isiyosemwa kwa sauti. Katika mashariki ya Kongo neno "Mwarabu" bado linabeba kumbukumbu ya misafara ya watumwa, ya Nyangwe na Kasongo, ya Tippu Tip, ya vita vya Wabelgiji na Waarabu vya 1892 hadi 1894. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na siombi mtu aisahau. Lakini misafara hiyohiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili tunachoongea, na barua za wakati ule ziliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tulibaki na lugha, tukaacha hati. Mimi naona tumelipa gharama yote tukachukua nusu ya mali.

Alivyosoma

Alianza na neno lililokuwa juu, jina la kazi. Safu ya kushoto ilisema kwa Kiingereza "msaidizi wa huduma", nami nikakubali tafsiri ya komisionere kwamba ni msaidizi wa duka. Safu ya kulia ilikuwa na maneno mawili: khidma na musaida. Khidma ni huduma, musaida inatoka shina moja na msaada, kwa hiyo kwa haraka ni yaleyale. Lakini yaya alikumbuka maalim aliwahi kuwasomea tangazo moja la Falme za Kiarabu ambamo maneno hayo mawili yalikwenda pamoja. Kule ndilo jina la kisheria la kazi za nyumbani: mpishi, mlezi wa watoto, mtunza bustani, mtumishi. Sheria yenyewe ya mwaka 2022, namba 9, inaitwa kwa jina hilo. Akamgeukia mdogo wake: "Hii si kazi ya butiki. Hii ni kazi ya nyumbani kwa watu."

Kimya kikaingia.

Akaendelea hadi mstari wa mshahara. Maneno yaliyochapwa yalisema al-ajr al-shahri. Hata asiyesoma Kiarabu akiyatamka polepole atasikia ujira na mshahara, kwa kuwa shahr ni mwezi na mshahara ni malipo ya mwezi. Mbele yake palikuwa na nafasi iliyojazwa kwa kalamu. Mimi nilikuwa nimeiona nafasi hiyo: alama kama paa la nyumba, kisha nukta mbili. Nikadhani kalamu imegusa tu. Zilikuwa tarakimu. Paa ni nane, na sifuri ya Kiarabu ni nukta: ٨٠٠. Na ili pasiwe na shaka, kando yake imeandikwa kwa maneno, thamanimia. Mswahili anayejua themanini na mia analisikia neno hilo bila kufundishwa. Mia nane. Safu ya kushoto inasema 1,200, ya kulia inasema 800, dola 218 badala ya 327.

Hapo mtu mmoja akauliza kwa nini hatukutumia simu. Tulikuwa tumetumia. Programu ya kutafsiri kwa kamera ilisoma maandishi yaliyochapwa, ikatuletea Kifaransa kinachoeleweka nusunusu, lakini palipojazwa kwa mkono ikashindwa kabisa. Maandishi ya mkono ya Mashariki ya Kati huenda mbio: nukta mbili huunganishwa zikawa kijistari, nukta tatu zikawa kama kofia ndogo. Maalim alikuwa amewafundisha kuyasoma hayo kwa barua za zamani alizotoka nazo Khartoum, na wengi darasani walinung'unika kwamba ni kupoteza wakati. Katika mikataba, kinachochapwa hufanana kwa watu wote. Kinachomhusu huyu mmoja, yaani jina, mshahara na muda, hujazwa kwa mkono. Ndipo simu ilipotuacha.

Muda ulikuwa mtego mzuri zaidi, nao haukuhitaji ujanja wa mtu. Ulitoka ndani ya lugha. Safu ya kushoto: mwaka mmoja. Safu ya kulia: muddat al-aqd, yaani muda wa mkataba (aqd ndiyo akidi tunayoisikia kwenye ndoa), kisha neno moja tu, sanatan. Hakuna tarakimu, hakuna neno "mbili". Kiarabu kina umoja, kina wingi, na katikati kina uwili: sana ni mwaka, sanatan ni miaka miwili, na hesabu yote imefichwa katika mwisho wa neno. Mtu anayetafuta namba kwa macho atalipita. Kiswahili hakina kitu kama hicho. Huwezi kukibahatisha kwa kufananisha maneno. Lazima uwe umekaa darasani ukafundishwa.

Dirhamu 400 zilizopungua kila mwezi, kwa miezi 24, ni dirhamu 9,600. Zaidi ya dola 2,600. Mama alizihesabu kwa vidole, kisha akakifunga tena kile kitambaa.

Nisiseme kwamba yaya alisoma kila kitu sawa. Katika ukurasa wa pili alikuta neno taamin, akasikia ndani yake amini, imani, amana, akatuambia kwamba tajiri anaahidi kumwamini mfanyakazi wake. Sote tukashangaa ahadi ya namna hiyo kuandikwa. Asubuhi maalim alicheka kwa upole: neno linatoka kweli katika shina hilo la usalama na imani, lakini maana yake ni bima. Kipengele kilikuwa kinasema nani atalipia bima ya afya. Maneno ya Kiswahili yanakufikisha mlangoni mwa Kiarabu, na mara nyingine mlango siyo.

Kilichobaki ni kipengele cha pasipoti, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Safu ya kushoto haikuwa nacho kabisa. Ya kulia ilikuwa nacho, na yaya alitambua kitenzi: ndani yake mna herufi za hifadhi. Kwa hiyo mtu fulani atahifadhi hati. Lakini nani? Mfanyakazi au tajiri? Katika Kiarabu jibu liko kwenye herufi ya kwanza ya kitenzi. Ikiwa ina nukta mbili juu, تحتفظ, tahtafiz, mwenye kuhifadhi ni mwanamke. Ikiwa nukta mbili ziko chini, يحتفظ, yahtafiz, ni mwanamume, na tajiri aliandikwa hivyo. Alisogeza simu karibu mpaka mwanga ukagusa karatasi. Nukta zilikuwa juu. Mfanyakazi mwenyewe ndiye anayekaa na pasipoti yake.

Alama mbili ndogo kuliko chembe ya chumvi, na ndizo zinazosema kama binti anaweza kurudi kwao.

Asubuhi kwa maalim

Tulikwenda wanne. Maalim alisoma kurasa zote tatu kwa dakika kama ishirini, akathibitisha mshahara, muda na pasipoti, akasahihisha lile la bima, halafu akatuonyesha kipengele ambacho yaya hakukifikia. Kilisema gharama zote za kumtafuta na kumleta mfanyakazi ziko juu ya upande wa kwanza, yaani tajiri. Zile dola 600 za dosye hazikuwa na mahali pa kusimama. Hata sheria ya mwaka 2022 inakataza wakala kumtoza mfanyakazi, na inataka mfanyakazi aambiwe aina ya kazi na mshahara wake kabla hajaondoka kwao.

Kwa hiyo safu ya kulia haikuwa adui. Ndani yake mlikuwa na mshahara mdogo na muda mrefu, na mlemle mlikuwa na kinga ya pasipoti na ya ada. Kilichokuwa kibaya ni kwamba safu mbili hazikusema neno moja, na aliyetakiwa kusaini angeona moja tu.

Komisionere alipokuja jioni, yaya alimwuliza kwa adabu. "Kaka, kwa nini huku ni 1,200 na huku ni 800?" Jibu lake lilikuwa tayari: Kiarabu ni kwa ajili ya serikali yao, ninyi mnasaini Kiingereza. Ni kinyume chake. Kule, maandishi ya lugha nyingine yakitofautiana na ya Kiarabu, yanayoshika ni ya Kiarabu. Mbele ya hakimu, ile 1,200 niliyoisoma kwa sauti na kuisifu ingekuwa wino tu. Yaya akamwambia hivyo. Komisionere akauliza ni nani aliyewasomea, akachukua karatasi zake, akasema ataleta nyingine iliyosahihishwa. Hakurudi.

Binti hakushukuru. Alilia, akasema, "Yaya, umenifungia mlango," na kwa muda wa miezi miwili hakumsemesha. Simlaumu. Mtu mwenye miaka 22 anayenuka sambaza kila siku, akiona ndege yake imeondoka kwa sababu ya herufi, atamchukia mwenye kusoma herufi. Ilimchoma sana yaya, akaacha darasa kwa majuma matatu.

Kisa hiki kinaonyesha nini kuhusu lugha yenyewe

Watu wakitaja faida za Kiarabu hutaja vitu vikubwa. Nchi 22 za Jumuiya ya Waarabu. Umoja wa Mataifa, uliokipa hadhi tarehe 18 Desemba 1973. Umoja wa Afrika, ambako Kiarabu ni lugha ya kazi na Kiswahili kimekaa kando yake tangu Februari 2022. Nafasi za masomo Cairo, Madina au Moroko. Yote ni kweli na yapo waliofaidika. Lakini kwa mkalimani wa Umoja wa Mataifa kinatakiwa Kiarabu kamili, na taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa mtu anayetoka kwenye Kiingereza. Nani Kadutu ana saa 2,200?

Nilipiga hesabu ya yaya. Jioni tatu kwa juma, saa nne na nusu, miezi 18: ni saa 350 hivi. Ukitoa jioni za mvua, za ugonjwa, na zile ambazo mji ulifungwa, labda 300. Sehemu ya saba ya kile wanachosema kinahitajika. Kwa saa hizo asingeweza kuongea na mtu wa Cairo dakika kumi bila kukwama, na mwenyewe anakiri. Lakini zilitosha kusoma mshahara, muda, na nani anashika pasipoti. Huo ndio msimamo wangu, na nausema bila kusitasita: kwa Mswahili, Kiarabu kidogo cha kusoma kina thamani kuliko tunavyoambiwa, na hakuna sababu ya kungoja kikamilike ndipo kifae kitu.

Sababu ya kwanza ni mtaji tulionao. Maneno ya karatasi, ya fedha na ya sheria katika Kiswahili yametoka huko kwa wingi: hati, haki, sharti, wajibu, idhini, hesabu, deni, muda, tarehe, sahihi, shahidi. Mtu wa Bukavu akifungua mkataba wa Kiarabu hayuko ugenini kama Mfaransa alivyo. Na Kiarabu hujengwa kwa mashina ya konsonanti tatu, kwa hiyo neno moja unalolijua hukufungulia matano. Chukua k-t-b: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Maalim alipofika kwenye neno hilo la mwisho alituambia jambo lililonikaa moyoni. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mukataba ni mapatano ambayo kwayo mtumwa hujinunua kidogokidogo mpaka awe huru.

Mtaji huo una matundu, na hasa kwetu. Mtoto wa Mombasa anapata ishirini, thelathini na arubaini bure, kwa kuwa anahesabu hivyo tangu utotoni. Sisi tunasema makumi mbili, makumi tatu, au tunahamia Kifaransa tukifika bei kubwa. Yaya alilazimika kujifunza makumi ya Kiarabu kama mgeni kabisa. Sauti nazo zimetutoka. Tunasema zahabu pale wengine wanaposema dhahabu, na Kiarabu kinatofautisha vikali z, dh, na nyingine mbili nzito zinazofanana nazo. Kusema kulimtesa. Kusoma hakukumtesa kiasi hicho, maana jicho halina matamshi. Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: anza na jicho.

Irabu fupi haziandikwi. Hilo huwatisha wengi, na kweli vitabu vya mwanzo huziweka juu na chini ya herufi, kisha karatasi za maisha huziondoa. Lakini hapo ndipo mashina yanapokuokoa: ukiziona kh, d, m zimefuatana, huduma imo humo namna yoyote itakavyotamkwa. Na kamusi nyingi za Kiarabu zimepangwa kwa mashina, siyo kwa herufi ya mwanzo ya neno. Yaya alipojua kulivua neno viambishi vyake, alijua pia kutafuta.

Mkataba wa pili

Novemba 2024 mdogo alirudi mwenyewe, na karatasi nyingine mkononi. Jamaa yao aliyekuwa Sharjah alikuwa amemwunganisha na wakala mwingine. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa yaya wake, akaiweka mapajani mwake, akasema, "Nisomee upande ule."

Safari hii pande zote mbili zilisema kitu kimoja. Kazi za nyumbani, bila kujificha. Dirhamu 1,000. Miaka miwili, sanatan upande huu na miwili upande ule. Tiketi juu ya tajiri, hakuna ada. Pasipoti kwa mfanyakazi. Na siku moja kwa juma iliyoitwa yaum raha, ambayo yaya aliitafsiri kwa furaha kuwa "siku ya raha". Maalim akasema safari hii hajakosea sana, Waarabu husema raha kwa maana ya kupumzika. Sheria ya kule inataka pia saa 12 za mapumziko kwa siku, nane kati yake mfululizo.

Mama hakutaka aende. Mimi pia, kama ningeulizwa, ningesita: mfumo wa kafala bado unafunga kibali cha kuishi cha mfanyakazi kwa tajiri wake, na karatasi nzuri haizuii nyumba mbaya. Lakini binti aliamua akijua anakwenda kufanya nini, kwa kiasi gani, kwa muda gani. Mara ya kwanza hakujua hata moja kati ya hayo.

Walikaa majuma matano wakisoma. Walianza na jiko, kwa sababu jiko la Mswahili limejaa Kiarabu: sahani, sufuria, birika, sukari, sabuni, mkasi, sanduku. Hata kitunguu saumu, ambacho jirani zetu Wanyarwanda wa ng'ambo ya Ruzizi hukiita tungurusumu, ndani yake mna thum ya Waarabu. Halafu sentensi kumi za lazima: naumwa, sijalipwa, pasipoti yangu iko wapi, nataka kupiga simu. Aliziandika kwenye karatasi, akaikunja ndani ya kifuniko cha simu. Desemba alivuka mpaka, akaondokea Kigali.

Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa malalamiko. "Yaya, hapa hawasemi vile ulinifundisha." Alikuwa amejifunza ayna kwa "wapi", nyumba ile wanasema wen. Mpishi na dereva, wote wageni kutoka Asia, wanaongea na mwenye nyumba Kiarabu cha kuvunjavunja ambacho hakina uwili wala nukta za juu na chini. Ni kweli: Kiarabu cha vitabu na cha midomo ni viwili, na kila nchi ina chake. Anayejifunza inafaa aambiwe mapema. Baada ya mwezi mmoja alikuwa amekwisha kushika kile cha jikoni, kwa sikio, kama sisi sote tulivyoshika Kiswahili cha sokoni kabla ya kile cha shule. Lakini karatasi yake ya mshahara bado inaandikwa kwa kile cha vitabu, na huisoma mwenyewe.

Februari 2025 vita viliingia mjini, na kile chumba nyuma ya msikiti kikafungwa. Kilipofunguliwa tena, maalim alimwomba yaya awafundishe wanaoanza, jioni mbili kwa juma. Nilipita pale hivi karibuni. Palikuwa na wanafunzi saba. Wanne ni wasichana Wakristo, mmoja wao anaimba kwaya moja na mama yake yaya. Ubaoni palikuwa na maneno mawili tu, makubwa, yanayofanana isipokuwa nukta mbili. Yaya alikuwa amesimama kando na chaki, akingoja mmoja wao aseme ni nani anayeshika pasipoti.